Taa ya njano kwenye njia ya Kwamtoro

Aliyeiona kwanza ni abiria wangu. Kama umewahi kupanda Toyota IST za toleo la kwanza utaelewa kwa nini: mita zake hazikai mbele ya dereva, ziko katikati ya dashibodi, kwa hiyo kila aliyemo anaona mwendo wako, mafuta yako na aibu zako. Nilikuwa nimempa lifti mama mmoja kutoka mnadani, kapakata kuku wawili waliofungwa miguu. Akanyoosha kidole. "Mwanangu, hiki kidude cha njano kinawaka tangu tuvuke korongo. Ndivyo kilivyo?"

Nikamwambia ndivyo. Niliogopa angeomba kushuka.

Mimi nauza dawa za mifugo. Duka liko Dodoma mjini, ila pesa iko minadani, kwa hiyo karibu kila wiki napakia maboksi ya dawa za minyoo, dawa za kupe, mabomba ya sindano na mawe ya chumvi, naishika lami ya Kondoa, na nikifika Chemba nakata kushoto kuelekea Kwamtoro. Hapo vumbi linakupokea. Lingekuwa mchanga ingekuwa afadhali. Huu ni unga, mwekundu, laini kama uliopita kwenye chekeche, na kiangazi ukipishana na lori unawasha taa saa saba mchana, unafunga vioo, unasubiri dunia irudi. Jioni ukipenga kamasi unaona ulikotoka.

Najua IST si gari la njia hiyo. Ndilo nililolimudu. Lilikuja na mazoea yake ya kwao: kila asubuhi nikiwasha, mwanamke wa Kijapani ananiambia sentensi moja ndefu kwa adabu sana. Mteja wangu mmoja aliyewahi kusoma huko alinitafsiria: kadi ya kulipia barabara haijachomekwa. Miaka yote hii, Chemba, Kwamtoro, makorongo, yule dada bado anadai kadi. Kwa hiyo nilishazoea gari langu kusema mambo nisiyoyajali, na ile taa ya njano, chekinjini, inayoonya kwamba injini ina tatizo, niliiweka kundi moja na yule dada.

Nyekundu nilikuwa naziheshimu. Hilo nililijua tangu shule ya udereva: nyekundu simama, njano shughulikia, kijani na bluu ni taarifa tu kwamba kitu fulani kinafanya kazi. Ila hata hizo nyekundu watu wengi tunazisoma vibaya. Kile kibirika cha oili hakisemi oili imepungua, kinasema presha ya oili imeanguka, na kikiwaka gari likiwa kwenye mwendo hakuna cha "nifike pale mbele kwenye kivuli". Unazima hapohapo. Taa ya betri nayo mara nyingi haiisemi betri, inasema alteneta haichaji. Na hivi vigari vyetu vidogo vingi havina mshale wa joto; kuna taa ya bluu asubuhi kumaanisha injini bado ya baridi, na ikija nyekundu umechelewa kidogo tayari.

Chekinjini ni ya njano, na njano ina matatizo yake. Haikwambii ni nini. Gari linatembea. Unafika. Kesho yake unawasha, bado ipo, gari bado linatembea, na wiki ya pili imeshakuwa sehemu ya pambo la dashibodi. Kama inawakawaka kwa kupepesa ni habari nyingine: injini inamisi vibaya, petroli isiyoungua inakwenda kuunguzia ndani ya silensa, na ile sehemu ya kusafishia moshi inaweza kuyeyuka. Yangu haikupepesa. Ilitulia tu, kama mgeni aliyepewa kiti.

(Kabla sijaendelea, jambo la kununua gari la mkononi. Mdogo wangu alitaka kununua Passo moja, safi, dashibodi haina taa hata moja. Nikamwambia weka swichi hatua ya pili, usipige stata. Taa zote zinatakiwa ziwake hapo, kibirika, betri, chekinjini, kisha zizime injini ikishaunguruma. Zote ziliwaka isipokuwa chekinjini. Mtu alikuwa amefungua dashibodi akaishughulikia taa yenyewe. Muuzaji akasema labda balbu imeungua. Labda.)

Fundi wa kwanza alikuwa kijana mwepesi wa mikono. "Sister, hiyo ni taa tu." Akachomoa terminali ya betri, tukanywa soda, baada ya dakika kumi akarudisha. Taa haipo. Elfu kumi. Nikaondoka namsifu. Saa ya redio ilirudi mwanzo na stesheni zote zilipotea, nikaona ni gharama ndogo. Siku ya tatu, palepale korongoni, taa ikarudi. Alichofanya yule kijana ni kulifutia gari kumbukumbu. Ugonjwa ulibaki mahali pake, gari likalazimika kuugundua upya.

Fundi wa pili alikuwa na mashine. Chini ya usukani, upande wa magoti, magari ya siku hizi yana soketi ya matundu 16. Wamarekani ndio walioifanya sharti, kila gari dogo jipya linalouzwa kwao kuanzia modeli za 1996 liwe nayo, na dunia ikafuata. Unachomeka, mashine inaongea na kompyuta ya gari, inakuletea namba. Herufi ya kwanza inakupa mtaa: P ni injini na gia, B ni bodi, C ni breki na stelingi na jamaa zao, U ni kompyuta za gari zisizosikilizana. Yangu ilileta P0171. Nikaiandika kwenye daftari la madeni, kwa vile ndilo lililokuwa mkononi.

P0171 maana yake mchanganyiko ni mwembamba: hewa nyingi, mafuta kidogo. Basi. Ni malalamiko, kama mtu anayekuja dukani kwangu na kusema "ng'ombe wangu hali". Kutokula kwa ng'ombe kunaweza kuwa minyoo, ndigana, jino, au kamba ya nailoni tumboni. Mimi nikimpa kila anayekuja na ng'ombe asiyekula dawa ileile, nitauza sana na ng'ombe watakufa. Lakini fundi alitazama namba, akatazama simu yake, akasema, "Mama, oksijeni sensa imekufa." Nikanunua ya mtumba, laki moja na ishirini, na plagi nne mpya juu yake. Nilimwomba ile ya zamani nikaifunga kwenye gazeti, nikaitupia kwenye kisanduku cha mbele ya abiria. Marehemu baba alitufundisha kudai spea ya zamani hata kama hujui utaifanyia nini.

Siku tano. Taa ikarudi, na sasa gari lilianza kuwa zito kwenye vilima, unakanyaga linafikiria kwanza. Fundi akasema itakuwa pampu ya mafuta. Hiyo niliikataa. Wala si kwa akili, kwa ukata.

Mzee niliyeelekezwa ana gereji ambayo kwa kweli ni mwembe na shimo. Wanamwita kwa jina la malori ya Bedford aliyoanzia kazi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Gari linasemaje?"

Nikampa daftari la madeni, ukurasa wenye P0171. Akausoma, akanirudishia, hakugusa soketi wala boneti. Akauliza swali moja, kuhusu chujio la hewa la injini: "Eya klina mara ya mwisho kaifungua nani?"

Nikajibu kwa fahari kabisa. "Mimi, juzi. Huwa naipuliza kila nikitoka mnadani. Siachi hata wiki."

Akaitikia kwa mguno.

Alifungua boneti, akalegeza klipu ya ule mpira mnene unaotoka kwenye boksi la chujio kwenda kwenye injini. Sehemu hiyo, ukumbuke, ni baada ya chujio. Hewa ikifika hapo inatakiwa iwe imeshaacha kila kitu nyuma. Akaingiza kidole cha shahada, akazungusha, akakitoa. Kilikuwa chekundu mpaka kiungo cha kwanza. Akakiinua bila kusema neno, kama mtu aliyetoka kupiga kura.

Halafu akatoa chujio lenyewe, akalielekeza juani, akaniambia nitazame. Karatasi ya chujio ukiielekeza kwenye mwanga unatakiwa uone weupe uliofifia, sawasawa kote. Mimi niliona nyota mbili. Vitundu viwili vidogo kwenye mkunjo mmoja, jua linapita kama sindano. Kwenye kona, ule ukingo laini unaoziba pembeni ulikuwa umelala upande, haugusi boksi. Na klipu moja ya boksi ilikuwa imekatika zamani. Mimi mwenyewe niliifunga kwa waya wa kufungia magunia na nikajiona mjanja.

Sasa hapa nieleze kilichokuwa kikiendelea, maana nilikielewa nikiwa nimekalia tairi chini ya ule mwembe, na ndicho kilichonifanya nikae niandike.

Injini inakula hewa kuliko mafuta, kwa mbali sana. Kwa petroli hesabu ni kilo moja ya mafuta kwa kilo 14.7 za hewa. Ukigeuza, lita moja ya petroli inahitaji zaidi ya lita 9,000 za hewa. Nikiunguza lita 30 kwenda na kurudi mnadani, lile boksi la plastiki limevuta lita 270,000 za hewa ya Kwamtoro. Kompyuta lazima ijue hewa kiasi gani imeingia ili imwage mafuta kwa kipimo, na inajua kupitia sensa ndogo iliyo baada ya chujio, mafundi wanaiita eya flo. Ndani yake kuna waya mwembamba unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza. Kadiri hewa inavyokuwa nyingi ndivyo umeme mwingi unavyohitajika kuurudisha kwenye joto lake. Umeme huo ndio mizani.

Waya wangu ulikuwa umevaa blanketi la vumbi. Hewa inapita, waya hauisikii vizuri, unaripoti pungufu. Kompyuta inaamini, inamwaga mafuta pungufu. Huko nyuma kwenye bomba la moshi amekaa oksijeni sensa, ananusa kinachotoka, anasema: jamani, huku hewa imebaki nyingi, mafuta hayatoshi. Kompyuta inaongeza mafuta kidogo. Bado. Inaongeza tena. Mpaka inafika mwisho wa kiwango ilichoruhusiwa kuongeza, inakata tamaa, inaandika P0171 na kuwasha taa.

Yaani aliyekuwa anasema kweli muda wote ni oksijeni sensa. Mwongo alikaa mbele, amevaa vumbi. Na sisi tulimng'oa shahidi, tukaleta shahidi mwingine wa mtumba kwa laki na ishirini, naye akaja akasema maneno yaleyale.

Mzee alifungua skrubu mbili, akaitoa eya flo, akaipulizia dawa yake maalumu inayokauka yenyewe. Alinikataza kuigusa kwa kitambaa, pamba au kidole, ule waya ni kama unywele. Na alinikataza kutumia ile dawa kali ya kusafishia kabureta, inaweza kula plastiki. Wakati ikikauka akanisimulia habari za Bedford na Land Rover za zamani. Zile hazikuwa na karatasi. Eya klina ilikuwa bakuli la chuma lenye oili chini. Hewa inaingia kwa kasi, inageuka ghafla juu ya oili, vumbi zito linashindwa kukata kona na kutumbukia, lililobaki linanaswa kwenye nyuzi za chuma zilizolowa. Alipokuwa kijana kazi yake ya kila jioni ilikuwa kumwaga lile bakuli. "Unamwaga tope," akasema. "Tope zito la kufinyangia chungu. Ndipo unapojua injini imeponea wapi."

Karatasi haikuonyeshi tope, na hapo ndipo nilipopotea. Chujio jeusi linaonekana limekufa. Kumbe chujio lenye vumbi kiasi linachuja vizuri zaidi kuliko jipya, maana vumbi lililotangulia linaziba matundu na kulinasa linalofuata. Mimi kila wiki nilikuwa naenda kwa kijana wa pancha, anachukua ule mpira wa kompresa anaojazia matairi ya malori, analipuliza chujio kwa nguvu zote huku ameligusisha mdomo wa bomba, kutoka upande wowote unaomkalia vizuri. Vumbi linaruka, linapendeza kuliona, tunacheka. Ndipo vile vitundu vilipopatikana. Na kila kufungua boksi kulikuwa kunadondoshea vumbi la pembeni upande wa ndani, ule usiotakiwa kuguswa. Bidii yangu ndiyo iliyoliua. Ningekuwa mvivu ningeokoa pesa.

Kuna hili la "chujio chafu linakula mafuta", ambalo nimeliamini maisha yangu yote na hata kuwahubiria wengine. Wamarekani walilipima kwenye maabara yao ya taifa ya Oak Ridge, ripoti ikatoka 2009. Kwa magari ya kompyuta, chujio lililoziba halikubadilisha ulaji wa mafuta kwa kiasi cha maana. Kilichoharibika ni mwondoko, ukiweka jipya gari linachomoka haraka kwa asilimia 6 hadi 11. Ukifikiria ni sawa: hewa ikipungua kompyuta inapunguza na mafuta, wewe unakanyaga zaidi. Gari la kabureta, lile la zamani linalochanganya hewa na petroli bila kompyuta, ndilo lililokuwa linakula, kwa sababu kabureta haina akili ya kupunguza. Maneno ya wazee wetu yalikuwa ya kweli kwa magari yao. Kwenye gari langu, hatari haiko kwenye pampu ya sheli. Iko kwenye vumbi linalopita. Vumbi ni mawe yaliyosagwa. Likichanganyika na oili kwenye silinda ni ileile dawa ya kusagia valvu, na inafanya kazi hiyohiyo, ila hapa hakuna aliyeiagiza.

Chujio jipya lilinichukua siku mbili. Kwenye duka la kwanza la spea niliuziwa la elfu kumi na tano, boksi zuri, maandishi mazuri. Mzee alilipima kwa macho akalirudisha kwenye boksi lake. Akaniagiza niende na la zamani, niyalaze mawili pamoja, nihesabu mikunjo. La elfu kumi na tano lilikuwa na mikunjo michache kwa mbali, na ukingo wake mgumu kama kandambili iliyokaa juani, ukiubonyeza hauinuki. Lililofaa lilikuwa elfu arobaini na tano, ukingo laini, linaingia kwenye boksi kwa kusukumwa kidogo na linakaa pande zote nne. Klipu mpya ilikuwa elfu tatu. Elfu tatu. Nimeiandika mara mbili kwa sababu bado inaniuma.

Mashine ilipochomekwa tena, mzee alimwomba kijana wake amwonyeshe zile namba za nyongeza ya mafuta. Zilikuwa zimerudi karibu na sifuri. Halafu akaniuliza kama ile sensa ya zamani ninayo. Nikafungua kisanduku, nikakunjua gazeti. Akairudisha mahali pake, akaing'oa ile ya mtumba. "Hii iuze," akaniambia. Sijapata mnunuzi.

Hiyo ilikuwa miezi saba iliyopita. Taa haijarudi. Chujio nimelifungua mara moja tu, nikaligongagonga taratibu kwenye kiganja, uso wa nje ukitazama chini, nikafuta boksi kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kulirudisha. Kijana wa pancha ananiona napita ananiita, "Mama dawa, leo hupulizi?" nampungia mkono.

Ila oili inapungua. Dipstiki naivuta kila asubuhi ya mnada, na kati ya sevisi moja na nyingine naongeza karibu lita nzima, kitu ambacho gari hili halikuwa nacho kabla. Mzee alisikiliza injini, akatazama moshi nilipokanyaga, akasema ringi za pistoni zimeshaonja lile vumbi. Tutaendelea nazo. Kwenye buti sasa kuna galoni la oili katikati ya dawa za minyoo na dawa za kupe, na nimeliandikia kwa maka peni nyeusi lisije likauzwa kwa bahati mbaya. Na ile sensa ya laki na ishirini bado imo kwenye kisanduku cha mbele. Tukifika korongoni inabingirika na kugonga, koo, koo, na abiria huwa wananiuliza ni nini hicho.